Flashi ya Kila Ijumaa

Mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza hakuanza na uso. Alianza na flashi iliyoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Ndiyo maana pale hospitalini walimwita Hirizi.

Kazi yake ilikuwa kutunza mashine inayozuia wavamizi wasiingie kwenye kompyuta za hospitali. Mashine hiyo iliandika kila aliyeingia na kutoka, lakini baada ya siku saba ilifuta. Kwa hiyo kila Ijumaa Hirizi alinakili kumbukumbu zake na mipangilio yake yote kwenye flashi, akaichomoa mbiombio, akaivaa, akawahi basi. Miaka minne hakukosa Ijumaa hata moja. Wala hakuwahi kufungua nakala hata moja akatazama kilichomo.

Kisha majalada ya wagonjwa yakavuja. Mkurugenzi akasema wavamizi walifunguliwa mlango kwa nywila ya Hirizi, mwezi mmoja nyuma. Hirizi hakutetereka, kwani kumbukumbu zingeonyesha ni kompyuta ya nani iliyotumika.

"Yote ninayo hapa," alimwambia karani wa masjala, akijigonga kifuani.

"Haya, hirizi na ikukinge," karani akacheka.

Alipoichomeka, kompyuta ikamjibu kwamba flashi haisomeki. Je, aifute yote? Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Jibu likawa lilelile. Alikuwa akiichomoa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, kosa ambalo aliwakanya wauguzi kila siku. Mganga hajigangi.

"Hukuwa na nyingine?" mkewe alimuuliza.

"Hiyo hiyo."

"Baba watoto, hata chumvi tunanunua pakiti mbili."



Flashi sasa iko kwa fundi wa kufufua data, mtaa wa pili. "Sikuahidi kitu, kaka," fundi alimwambia, bila hata kumtazama. "Nitakupigia kabla sijafunga, saa kumi na moja."

Kikao cha nidhamu ni kesho asubuhi. Hirizi ameketi sebuleni, barua ya kusimamishwa kazi mapajani, simu mezani. Mkewe ameshakagua mara mbili kama mlio wa simu umewashwa.

"Ameshapiga?" mama mzazi wa Hirizi anauliza kutoka chumbani.

"Bado, mama."

"Saa ngapi sasa?"

"Kumi na moja kasorobo."