Siku Babu Alipomjibu Padri "Bado"

Kanisa letu la zamani liko nje kidogo ya Malaba, pahali pa juu ambapo unaona malori yakipanga foleni kuingia Uganda. Matofali yake yalichomwa hapo hapo na wazee wa kwanza kubatizwa. Kuta ni nene mpaka ndani kuna baridi hata jua likiwaka.

Nyanya yangu amefagia kanisa hilo tangu akiwa msichana. Amefundisha watoto wengi ishara ya msalaba, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini komunyo hajawahi kupokea. Aliolewa kabla hajamaliza mafundisho, na aliolewa kwa ng'ombe, si kwa pete. Wengine wakienda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, akigeuza magoti ili wapite.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Jioni moja tukichambua mboga akaniambia, "Nikienda hivi, nitaenda na njaa."

Nikajua ni njaa gani. Nikaenda kwa katekista, naye akaja kuongea na babu.

"Nioe tena?" babu akashangaa. "Kwani wale ng'ombe walirudishwa?"

"Mzee, si kuoa. Ni kubariki tu."

"Kubariki ni sawa. Lakini mtu asiniulize kama namtaka huyu mama. Nimezaa naye, nimezika naye. Kuniuliza ni kunitukana."

Katekista alikohoa kidogo, akasema tutaonana Jumamosi.

Mimi nilikuwa nimeshaota kila kitu: gari lenye riboni, keki, watoto wakirusha maua. Nikamweleza nyanya. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Keki ule wewe. Mimi nipelekeni kwa Padri."

Siku ikafika. Nilikuwa kwenye kwaya, kwa hivyo niliona vizuri. Nyanya alivaa gauni la bluu, babu koti la mazishi, kwa sababu ndilo koti alilo nalo. Padri wetu ni mgeni, anatoka mbali, na Kiswahili chake ni cha vitabu. Akafika pale pa kuuliza.

"Je, unakubali kumpokea huyu awe mke wako?"

Babu akamtazama katekista kwa jicho baya. Kisha akajibu, "Nilikubali zamani."

Watu wakaguna. Padri akatabasamu. "Vizuri. Na leo, mzee?"

"Bado."

Padri akafunga kitabu polepole. Akasema kwa upole kwamba ndoa hailazimishwi, na kama mzee bado hajawa tayari, basi apewe muda. Nyanya akainamisha kichwa. Niliona mkono wake umeshika gauni, nikataka kushuka pale kwenye kwaya nimkumbatie.

Halafu akainua uso. "Wewe mzee! Bado nini?"

"Bado nakubali!" babu akafoka. "Nilikubali zamani, na bado nakubali. Sasa mnataka Kiswahili gani?"

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Hata Padri alicheka, akafungua kitabu tena. "Mzee, sema tu 'ndiyo'."

"Ndiyo. Na usiniulize tena."

Hakuulizwa. Walipovikana pete, ya babu ilikataa kupita kifundo cha kidole, ikaachwa hapo katikati. Wakati wa komunyo nyanya alitangulia, babu nyuma yake. Nyanya alirudi amefunga mdomo kabisa, kama anayechunga kitu kinywani. Tukampongeza, anatikisa kichwa tu. Wamama wakamkumbatia pale nje, hajibu. Njia yote mpaka nyumbani, kimya.

"Mnaona sasa," babu akasema, "mmemfunga mdomo. Nitaishi na nani?"

Alipokalishwa kwenye kiti ndipo akavuta pumzi, akaomba maji. Nikamletea. Akanywa, akatutazama sisi wote tuliosimama pale tukingoja.

"Kumbe komunyo haina chumvi," akasema, na akaanza kucheka, machozi yakimtoka.

Babu akamwambia asiringe, hata yeye ameionja.