Kowai, Neno la Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu anaishi Japani na mama yake, binti yangu wa kumzaa. Mimi niko Itigi, nauza asali karibu na stesheni. Jumapili nikitoka kanisani tunapigiana simu ya video.

Sasa siku moja nikamtania kama bibi yeyote wa huku anavyomtania mjukuu wa kiume. "Mume wangu, hata ng'ombe mmoja hujaleta, unaringia nini? Nakuja kukuchukua uje unichungie mbuzi." Mama yake akatafsiri huku anacheka. Mtoto akaangua kilio, akasema, "Kowai!" akakimbia. Tangu hapo nikipiga, anajificha. Iliniuma, sisemi uongo. Umri wa chekechea tu, na ameshaniacha.

Binti yangu akanieleza kwamba kowai ni kitu kinachotisha. Mimi ninayemkimbia hata jogoo wa jirani, leo natisha mtoto? Nikamwambia, nifundishe hilo neno, lote. Kumbe lina mikia. Kowai, inatisha. Kowakunai, haitishi. Kowakatta, ilitisha. Kowakunakatta, haikutisha. Sisi tunabadilisha huku mbele, wenzetu wanakata mkia na kuunga mwingine. Nikawa nachuja asali huku nanung'unika mikia hiyo, hadi jirani akaniuliza kama nimeanza kunena kwa lugha. Huo wa "katta" ulinisumbua sana, ulimi ulikuwa unakwama palepale.

Jumapili iliyofuata sikutania. Nikamwita taratibu, nikasema, "Bibi kowakunai." Yaani, bibi hatishi.

Akachungulia nyuma ya kiti, nusu uso. Akaniangalia weee. Kisha akasema maneno mengi kwa haraka, nikaambulia moja tu, kowakatta. Nikamuuliza mama yake, kasemaje?

"Anasema aliogopa, mama. Alidhani kweli unakuja kumchukua, umpeleke huko, mimi nibaki huku peke yangu."

"Mwambie bibi alikuwa anatania tu," nikasema.

Akamwambia. Mtoto akacheka, akasogea hadi pua yake ikajaa kioo chote cha simu. Nami nikacheka naye, lakini moyoni nilijua mtoto alinisikia vizuri. Nilikuwa namtaka kweli, yeye na mama yake, warudi wote wawili, hata kesho.