Nilichinja mbuzi wa dua Lusewa, mikono ikasita kwenye sinia

Katika ukoo wetu yuko mtu aliyekufa kwa njaa huku chungu cha nyama ya halali kikiwa mbele yake.

Hakuna aliyemzuia kula. Alikaribishwa siku tatu mfululizo. Alikataa, akisema mbuzi yule alichinjwa na mwanamke.

Wakuu, habari za majikoni kwenu. Mimi ni mwenzenu wa Ruhuwiko, hapa Songea, yule wa uzi wa pilau isiyoshikana. Leo pilau haipo. Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho na niliyosimuliwa, na nitayatenganisha ili mjue lipi ni lipi. Nisipojua nitasema sijui.

Kwanza nirudi nyuma kidogo.

Bibi yangu mzaa baba anaishi Lusewa. Ana umri mkubwa, miguu imechoka, lakini kichwa chake ni kizima. Kila mwaka kabla ya Ramadhani ukoo unakusanyika kwake, tunasoma dua ya marehemu wetu na kula pamoja.

Dua hiyo inaanza na jina la Biti Salumu. Huyo alikuwa bibi yake Bibi.

Sasa hili ni la kusimuliwa. Biti Salumu alikuwa Myao, Mwislamu, ameolewa na Mngoni aliyesilimu ndipo wakafunga ndoa. Waliishi na mama wa mume, mwanamke wa ukoo wa Ngonyani. Nitamwita Nyanya Ngonyani, kama tunavyomwita nyumbani.

Vita ya Maji Maji ilipofika, mume aliondoka na wenzake na hakurudi. Kisha Wajerumani na askari wao wakapita vijijini, wakachoma maghala na mashamba, wakaswaga mifugo. Waliobaki wakaingia porini kuchimba mizizi. Wazee wetu wote husema njaa ile iliua kuliko bunduki.

Biti Salumu alikuwa na watoto wanne, mkwe wake, na mbuzi mmoja aliyemficha korongoni.

Siku moja mbuzi akateleza kwenye mawe. Alipomkuta alikuwa amevunjika, anahema kwa shida.

Wanaochinja wataelewa alichokabiliana nacho. Mnyama akikata roho mwenyewe ni mzoga, umempoteza. Mwanaume hakuwepo hata mmoja. Alikuwa na kisu cha kuvunia ulezi. Akamgeuza mbuzi kibla, akapiga bismillahi, akachinja.

Akapika. Watoto wakala. Nyanya Ngonyani akasema, "Sili cha kuchinjwa na mwanamke," akageukia ukutani.

Nyama ilikaa siku tatu. Siku ya nne alifariki.

Ndugu wa mume, wale walionusurika, waliporudi wakamwambia Biti Salumu, "Umemuua mama yetu kwa kisu chako. Ungetafuta mwanaume."

Akawajibu, "Mwanaume gani?"

Hilo jibu halikumsaidia. Aliishi miaka mingi baadaye na lawama ile ikamfuata. Hata watoto wa watoto wake walitaniwa visimani kwamba wanatoka kwa yule aliyemnyima mkwewe chakula. Bibi mwenyewe alitaniwa hivyo akiwa msichana, na hajasahau.

Hapo mwisho wa simulizi. Yanayofuata niliyaona.

Mwaka huu nilifika Lusewa siku mbili kabla ya dua. Nilipomsalimia Bibi shikamoo, hakuuliza hata habari za safari.

"Wewe si ndiye unayechinja kuku wako mwenyewe kule mjini?"

"Ndiyo, Bibi. Mume wangu anashinda kazini, nikimsubiri tutalala na maharage."

"Basi mbuzi wa mwaka huu utachinja wewe."

Siku zote baba mdogo ndiye anayechinja. Bibi akaendelea kwa sauti ya chini.

"Kila mwaka mnamwombea dua Biti Salumu, na mwanaume ndiye anayeshika kisu. Mimi nakaribia kwenda kukutana naye. Nataka nimwambie ukoo wake ulikula cha mkono wa mwanamke, chungu kikaisha. Nipe hilo tu."

Nikamwuliza baba mdogo. Akacheka kidogo, akanipa kisu chake. "Nimekinoa jana. Usinitie aibu, kisikwame."

Wakuu, kwa wasiozoea, hapa nitaweka ya jikoni, maana najua wengi mmekuja kwa hayo.

Kisu kinolewe mbali na mnyama, asikione. Mpe maji kwanza. Mlaze taratibu kwa ubavu wa kushoto, umwelekeze kibla, utaje jina la Mwenyezi Mungu, halafu kata bila kusitasita: koo, umio na mishipa miwili ya damu. Kisha mwache. Kosa ninaloliona sana ni watu kuanza kuchuna mnyama bado anarusha miguu. Subiri atulie kabisa, damu iishe.

Nyongo itoe pamoja na kipande kidogo cha ini. Ukibana nyongo yenyewe itapasuka na hakuna limau litakalokuokoa.

Nyama yetu ya dua haina kitunguu wala nyanya wala mafuta ya dukani. Nilikata vipande vidogo, vya kutosha watu wengi. Mafuta ya mbuzi yanatangulia chini ya chungu, nyama juu yake, unafunika, moto wa makaa machache. Usitie maji. Itatoa maji yake yenyewe na itayanywa tena. Ukisikia inaanza kulia chini, ndipo unatia maji ya moto kiasi cha kuifunika.

Majani makavu ya kunde niliyaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikayakamua mara mbili kuondoa ukali. Yanaingia nyama ikiwa imeshalainika. Chumvi ni ya mwisho, kwa sababu majani yanafyonza mchuzi na kuupunguza, na ukitia chumvi mapema utajuta. Pika hadi mchuzi ushike kwenye mwiko.

Tunakula na ugali wa ulezi. Siku hiyo Bibi hataki kuona mahindi.

Turudi kwenye tukio.

Dua ilisomwa baada ya adhuhuri. Wanaume ukumbini, wanawake kwenye mikeka uani. Masinia yakatoka, watu wakanawa.

Shangazi yangu anayekaa Tunduru, binti wa kwanza wa Bibi, alikuwa amefika asubuhi ileile nikiwa nimeshamaliza kuchinja. Ni mtu wa dini sana, wengi wetu alitufundisha kusoma yeye. Alikuwa ameketi na watoto wa dada zangu akiwagawia ugali. Mmoja wao akamwambia kwa fahari kwamba mbuzi amechinjwa na mama mdogo, yaani mimi.

Shangazi akaniangalia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, shangazi."

Akarudisha tonge kwenye sinia. Hakupandisha sauti. "Mwenye kula ale. Mimi sili."

Wakuu, wanawake kama thelathini, wameshanawa mikono, na hakuna anayeigusa nyama. Nilimwangalia Bibi pale alipokaa mlangoni. Hakuwa anamwangalia Shangazi. Alikuwa anaangalia chungu.

Mke wa baba mdogo ndiye aliyekwenda kumwita ustadhi. Ni kijana wa hapohapo Lusewa, anafundisha madrasa. Alisimama penye kivuli cha ukuta, akaniuliza mambo matatu tu.

"Ulitaja jina la Mwenyezi Mungu?"

"Nilitaja."

"Kisu kilikata sawasawa?"

"Kilikata."

"Damu ilitoka ya kutosha?"

"Ilitoka."

"Basi kuna nini?" Akawaambia wanawake kwamba Mwislamu mwenye akili timamu akichinja kwa taratibu zake, awe mwanaume au mwanamke, wanazuoni wanasema chakula kinaliwa. Tulichozoea ni kingine, hukumu ni nyingine. Kisha akachukua kipande kwenye sinia lililokuwa karibu, akala mbele yetu, akarudi ukumbini.

Wakaanza mmoja mmoja. Jirani wa Bibi akasema, "Mimi njaa yangu haijui kusoma, leteni," na watu wakacheka kidogo, ua ukarudi kuwa ua.

Shangazi hakula. Alikula ugali mkavu na chumvi.

Bibi akamwita. "Mwanangu, umemsikia ustadhi?"

"Nimemsikia, mama. Na ninajua kwamba inajuzu, sijasema ni haramu. Nimesema sili."

"Kwa nini, basi?"

"Mkono umekataa, mama. Nisikudanganye."

Bibi hakumgombeza. Akageuka upande, na mimi niliyekuwa karibu nikaona machozi. Chungu kilikwanguliwa hadi chini, lakini alichokiomba kilikuwa ukoo wote. Binti yake wa kwanza hakuwemo.

Hapo ndipo Babu Komba alipoingia uani akitafuta maji.

Babu Komba anatoka Hanga. Ni Mkristo, na undugu wetu uko hivi: mnakumbuka wale watoto wanne wa Biti Salumu. Mmoja wao, msichana, ndiye mama yake Bibi. Mwingine, msichana pia, alilelewa na wamisheni baada ya njaa, akabatizwa, na huyo ndiye mama yake Babu Komba. Kwa hiyo yeye na Bibi ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Kila mwaka anakuja, na huwa wa kwanza kumaliza sahani.

"Mchumba wangu," akaniambia mimi, maana ndivyo anavyonitania, "umepika. Lakini mbona mke mwenzio analia?"

Bibi akamweleza. Kwamba limejirudia lilelile. Kwamba Nyanya Ngonyani alikataa cha mkono wa mwanamke kwa ajili ya dini, na leo Shangazi amekataa.

Babu akakaa chini polepole. "Dini ipi?"

"Dini yetu."

"Dada, yule mama hakuwa Mwislamu. Wala Mkristo hakuwa. Alikuwa Mngoni tu. Aliyesilimu ni mwanawe."

Bibi akasema yeye hajawahi kusikia hivyo.

"Mama yangu alitusimulia," Babu akasema. "Mbuzi alikuwa mdogo, amekonda. Watoto wanne. Mama yangu alisema bibi yao alihesabu wale watoto kwa macho, halafu akasema hayo maneno ya mwanamke. Kwetu sisi tunasema alitafuta neno ambalo Biti Salumu hangeweza kubishana nalo. Angesema ameshiba, nani angemwamini?"



Mimi nina tabia ya kuuliza, mnisamehe. Nikamwuliza Babu: mama yake alikuwa na umri gani wakati ule? Akasema alikuwa ameota meno ya pili. Nikamwuliza Bibi: na mama yake? Akasema alikuwa mdogo zaidi, wa kubebwa akichoka. Nikamwuliza kama mama yake aliwahi kusema ni kwa ajili ya dini.

"Alisema maneno yale tu. Sili cha kuchinjwa na mwanamke. Hilo la dini tuliliongeza sisi, maana tulijua dini."

Kwa hiyo mashahidi ni wawili, wote watoto, wote walikula kutoka chungu kimoja. Maneno waliyosikia ni yaleyale. Sababu ndiyo inayotofautiana.

Shangazi alikuwa amesimama na masufuria mkononi. Akauliza, "Walikuwa wanne?"

"Wanne," Babu akasema.

Akaenda kuosha vyombo. Aliviosha vyote peke yake, akakataa kusaidiwa.

Nilichojifunza ni kidogo lakini nitakisema. Wapishi wenzangu, kabla hujakiita chakula haramu, uliza, maana mazoea yetu yanavaa nguo za dini na tunayaheshimu bila kuyakagua. Hilo moja. La pili, mtu akikataa sahani yako usikimbilie kujua kwa nini. Ukoo wangu ulikuwa na uhakika wa sababu ya mtu kwa zaidi ya miaka mia moja, na mwanamke mmoja akabeba lawama ya uhakika huo hadi kaburini.

Sasa naomba msaada wenu, hasa Wangoni wenye wazee nyumbani, Namtumbo, Songea, popote.

Kabla ya vita ile, kwa Wangoni wasio Waislamu, je, mwanamke alikatazwa kuchinja? Kulikuwa na mwiko wa namna hiyo, au haukuwepo?

Kama ulikuwepo, Nyanya Ngonyani alikufa akishika desturi yake. Kama haukuwepo, basi aliwaachia watoto nyama ile, na Biti Salumu hakuwahi kuwa na kosa lolote mbele ya mkwe wake.

Nimeshawauliza wazee saba. Watatu wamesema mwiko ulikuwepo, wawili wamesema haukuwepo, wawili wamesema hawajui.

Bibi ananiuliza kila ninapopiga simu. Jana ameuliza tena, na bado sina cha kumwambia.