Mlipuko wa Kumi na Nne

Radi alikuwa mtu mfupi. Inafaa hilo lijulikane mapema, maana waliomsikia kabla ya kumwona walijiandaa kukutana na jitu. Sauti yake ilitoka chini shimoni, ikapanda ukingo, ikavuka barabara, na ilipofika ng'ambo bado ilikuwa na matusi mengine ya akiba. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi. Machimboni alikuwa Radi, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mkono wake, maana vyote viwili vilishuka bila kubisha hodi.

Kazi yenyewe ilikuwa kulipua mwamba. Wenzake walitoboa matundu, yeye akayajaza baruti na kuyatia tambi za urefu tofauti, ili yalipuke moja baada ya jingine. Akishawasha alipanda juu kwa kutembea. Hakimbii. Hilo la kutokimbia alilipenda kuliko mshahara. Watu wote walijibanza nyuma ya ukuta wa mawe juu ya ukingo wakisubiri filimbi yake. Akipuliza, wanashuka. Asipopuliza, hata tajiri mwenye machimbo hashuki.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulibaki na vidole viwili, na hivyo viwili alivitumia kumnyooshea mwanafunzi wake. "Ukitega kumi, usikie kumi," alimwambia. "Ukisikia tisa, kaa saa nzima, maana utambi wenye unyevu unaweza kulala halafu ukaamka. Na ukiwa hujui umesikia ngapi, kaa vilevile, na useme hujui." Radi alilishika somo lote isipokuwa lile neno la mwisho. Lile liliingia sikio hili likatokea lile.

Miaka kumi na sita hakuna aliyekufa kwa baruti yake, na hilo ndilo lililomharibu. Mtu akikosea mara moja moja hujifunza kuomba radhi. Radi hakuwahi kupata nafasi. Mtoboaji mmoja alimuuliza kama tundu lake halikuzidi kina, akapigwa mdomoni kwa kofia ngumu, jino likaanguka kwenye vumbi na Radi akalikanyaga. Mwingine alisogeza sanduku la baruti bila kuambiwa, akafukuzwa kwa nyundo shimo zima, nyundo ikampata mgongoni, akatema damu siku mbili. "Kazi hii haitaki adabu ya mdomo," Radi alisema, "inataka adabu ya mwili." Na tajiri, ambaye alihesabu mawe na si meno, alimwacha.

Mdogo wake wa kike aliolewa na mtoboaji wa palepale, mtu mrefu, mkimya, mwenye mabega yaliyoinama kama anayeomba njia. Radi alimwita "shemeji" kwa kejeli, kama mtu anavyotaja ugonjwa, na machimbo mazima yakamwita Shemeji, hata wale wasiokuwa na dada. Shemeji alikuwa na tabia moja: milipuko ikianza, alifumba macho na midomo yake ikachezacheza. Alikuwa akihesabu.

"Mwoneni, anasali," Radi alikuwa akisema. "Shemeji, niombee na mimi."

"Nakuombea, fundi," angejibu Shemeji, na watu wangecheka, wengine wakimcheka yeye, wengine wakicheka kwa jinsi alivyojibu.

Mke wake hakuwa akicheka. Siku moja alimfuata kaka yake nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti.

"Kaka, mume wangu amerudi na jicho limefumba tena."

"Alinijibu mbele za watu."

"Alikujibu nini?"

Radi alijikuna kidevu. "Alisema utambi mmoja una maji."

"Ulikuwa na maji?"

"Hilo si swali."

"Basi sikiliza, kaka. Mimi na wewe tumelala mgongo mmoja wa mama. Lakini wanangu wana baba mmoja tu. Ukinirudishia yule mtu kwenye ubao, usije kunipa pole. Sitakufungulia mlango."

Radi alikasirika siku tatu. Si kwa sababu ya maneno, bali kwa sababu hakuwa na wa kumpiga.

Asubuhi ya siku yenyewe ardhi ilikuwa imelowa mvua. Yalikuwa matundu kumi na manne. Radi alitega, akawasha, akapanda zake polepole mikono nyuma. Juu ya ukingo alimkuta tajiri, ambaye siku hiyo alikuja na maneno matamu, kwani alitaka mawe mengi upesi.

Ya kwanza ikalia, ardhi ikaruka chini ya nyayo. Ya pili. Ya tatu na ya nne zilifuatana kama hatua za mtu mlevi kwenye ngazi.

"Radi," tajiri akasema, "hivi wewe huogopi hata kidogo?"

Ya tano ikalia, na hapo ndipo Radi alipogeuza uso. Swali kama hilo kwake lilikuwa sukari kwa sisimizi. "Tajiri wangu," alisema, na ya sita ikalia, "baruti ni kama ng'ombe mkali." Ya saba. "Ukimwogopa anakuchoma pembe. Ukimchapa anakupa maziwa!" Akacheka mwenyewe, kicheko kikubwa cha kichwa nyuma, na ndani ya kicheko hicho kitu kikalia. Kimoja, au viwili vilivyoshikana, mtu anayecheka hawezi kujua. Akaendelea kuhesabu kwa kukisia, kama mtu aliyeruka mstari akisoma na anaona aibu kurudi.

Kukanyamaza. Vumbi likapanda.

"Kumi na nne!" Radi akatangaza.

Nyuma yake Shemeji akafumbua macho. "Kumi na tatu, fundi."

Watu wakageuka. Tajiri naye akageuka, na huko kugeuka kwa tajiri ndiko kulikomaliza mambo. Radi alipiga kwa kiganja wazi, kwa nguvu za mtu aliyebeba mawe ujana wake wote. Kichwa cha Shemeji kikagonga ukuta. Damu ikatoka puani, ikashuka midomoni, na ile midomo ikasema tena, taratibu, "Kumi na tatu."

"Nani mlipuaji hapa? Wewe au mimi?"

Akapuliza filimbi.

Wakaanza kushuka. Njia ilikuwa moja, nyembamba, ikizunguka ubavu wa shimo. Mama Kokoto, mponda mawe, alitangulia na karai lake kichwani, kwa sababu anayefika wa kwanza ndiye anayeokota mawe madogo yasiyohitaji nyundo nyingi. Nyuma yake wenzake kumi na wanane, na Jeki, mwanamume aliyeinua mawe ambayo wawili waliyashindwa. Halafu Radi akamwona Shemeji anajifuta damu kwa mkono wa shati, anachukua mtaimbo na kuwapita wote mbio.

"Unakwenda wapi, mjinga?" Mama Kokoto alimuuliza. "Si umesema kumi na tatu?"

"Naenda kutafuta moshi," Shemeji alisema bila kusimama. "Mkiniona nimeinua mkono, rudini."

Radi alisikia. Hakujua ni kumi na tatu au kumi na nne, na alijua kwamba hajui. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: *Nimepoteza hesabu.* Yalimjia mpaka kwenye meno, yakamkuta tajiri amesimama pale, yakarudi.

Alichokuwa nacho tangu ujana ni mkono, basi akautumia. Akashuka ile njia mbio, yeye asiyekimbia, akanyakua mpini wa nyundo njiani na kuanza kuwapiga watu. Aliwapiga wa nyuma miguuni, wa katikati mabegani. "Rudini juu! Rudini, mbwa nyie!" Karai la Mama Kokoto aliligonga likaruka bondeni. Mzee mmoja akaanguka na kupasuka kiwiko. Watu wakapiga mayowe kwamba Radi amerukwa na akili, na kwa kweli macho yake hayakuwa ya mtu unayeweza kumkopesha.

"Leo utakoma!" Jeki akasema.

Ngumi ya kwanza ilimvunja Radi meno mawili. Ya pili ilimkata pumzi. Halafu wakamwingia wote, deni la miaka kumi na sita. Walimpiga kwa mateke, kwa mafundo ya vidole, kwa nyayo, na Mama Kokoto alimpiga kwa kiatu chake mpaka mshipi ukakatika. Naye hakuacha kurusha mikono, kila pigo akilisukuma upande wa juu, akirudi kinyumenyume, akiwavuta wamfuate. Na watu kwa ugomvi ni kama nzi kwa kidonda: hata waliokuwa mbali kule chini walipanda kuja kuona Radi akipigwa. Jeki alimburuta kwa mguu mpaka juu ya ukingo, akamtupa mbele ya tajiri kama gunia.

"Chukua mtu wako," alisema.

Ndipo la kumi na nne likalipuka.

Halikulia kama yale mengine. Lilipasuka kwa pembeni, na mawe yakaja kwa mlalo, yakakata hewa kwa mluzi. Ile njia ilifutika katikati. Kipande chenye ukubwa wa mlango kiliangukia pale pale ambapo, muda mfupi kabla, walikuwa wakishuka. Vipande vidogo viliwanyeshea. Mmoja akapasuka kichwa, mwingine sikio. Kisha wakasikia sauti ya mtu kutoka chini ya vumbi. Haikuwa ikiita jina la mtu. Ilikuwa ikipiga kelele tu.

Walimkuta Shemeji robo ya njia kutoka chini. Alikuwa ameona moshi, ameinua mkono, akageuka kukimbia. Jiwe lilikuwa limempiga ugoko, na mfupa ulikuwa umetokeza nje, mweupe, na damu ikitoka kwa mapigo. Jeki alivua mshipi wake akamfunga paja, wakamlaza juu ya ubao na kumpandisha wakishikiliana kwa mikono.

Juu kule tajiri alikuwa amekwisha kupata hadithi yake. "Mmeona?" aliwaambia. "Mmeona masikio ya mtu huyu? Alijua! Akajitoa apigwe ili muokoke. Na nyie mmemfanya hivyo."

Watu wakatazamana. Aliyekuwa na kiatu mkononi akakivaa. Jeki alimwendea Radi, akamwinua kwa kwapa, akamkung'uta vumbi. "Fundi, tusamehe. Hatukujua."

"Na huyu," tajiri akaendelea akimwonyesha aliye kwenye ubao, "kimbelembele chake kimemponza. Aliambiwa na nani atangulie?"

Radi alimtazama Shemeji, na Shemeji alimtazama Radi. Uso wa Shemeji ulikuwa wa kijivu kwa maumivu, na bado una alama ya vidole vya lile kofi. Angeweza kusema. Badala yake akageuza macho pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Kama angemtukana, Radi angenyamaza na kubaki shujaa mpaka kaburini.

"Nilipoteza hesabu," Radi alisema.

Lakini mdomo ulikuwa umevimba na meno hayapo, kikatoka kitu kama uji.

"Anasema nini?"

"Anasema anataka maji."

Akatema damu. "Nilipoteza hesabu."

"Sema kwa sauti," alisema Mama Kokoto, ambaye alikuwa karibu na alikuwa amesikia vizuri kabisa. "Sema kama unavyotutukana."

Naye akasema, kwa ile sauti ya kuvuka barabara. "Nilipoteza hesabu! Nilikuwa nacheka na tajiri. Kumi na tatu ilikuwa kweli. Yeye alihesabu, mimi nikampiga, nikapuliza filimbi nikiwa sijui. Nilipowapiga kule chini, ni kwa sababu nilishindwa kusema hivi."

Hakuna aliyeshangilia. Tajiri alikunja uso, akanyoosha mkono, na Radi akavua filimbi shingoni na kumpa. Kisha Jeki akamrudia. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama fundi anayemalizia kazi.

"Zile za kwanza nilikuonea," alisema. "Hii ni halali yako."

Ikamwangusha chini. Radi aliiona ikija na mikono yake ilibaki chini. Alipoinuka hakumtazama mtu, akaenda kushika ncha ya ubao upande wa miguu, na yeyote aliyekuwa ameishika akamwachia.

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja na kitanda kimoja chenye mguu mfupi. Mdogo wake alifika mbio, bila viatu, mikono ina povu la kufulia. Alimwona mume, akamwona kaka, na kaka akasema kabla hajaulizwa: "Ni mimi."

Alimpiga usoni, palepale palipopasuka, mara mbili. Mara ya tatu mkono ukaishia hewani na akaanza kulia.

"Malizeni ya familia baadaye," alisema daktari. "Dawa ya ganzi ni kidogo. Ninavuta mguu huu urudi mahali pake, nataka mtu mwenye nguvu amshike kiunoni."

Mdogo mtu alimtazama kaka yake. "Mshike basi! Umesimama kama mgeni."

Radi akapanda kitandani kwa goti moja, akamkumbatia Shemeji kiunoni kwa mikono yote. Daktari akavuta. Mfupa ukasaga. Na yule mtu mkimya, ambaye katika miaka yote hakuwahi kumrudishia hata neno moja baya, akamshika Radi nywele na kummwagia tusi refu, lililopangika, lenye kutaja meno yake, kimo chake, ng'ombe wake na maziwa yake, akimgonga kichwa kwenye chuma cha kitanda kila nukta.

"Ndiyo, shemeji," alisema Radi, akizidi kumkaza. "Endelea. Nasikia."