Zena na Jani la Mtaroni

Zena binti Nassibu alikuwa na mdomo ambao hata wauza vitumbua wenzake wa Kariakoo waliukwepa. Ukikosea mbele yake atakurekebisha mpaka ujute. Jambo moja tu alilificha: alikulia Rufiji akipalilia mpunga, majani yakimchana viganja. Alitoroka akiwa kigori, akaapa harudi. Aliyemuuliza kwao alijibiwa, "Kwetu hapahapa."

Mwaka themanini na tatu ukaja msako wa wasio na kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alipandishwa lori akalime kijijini kwao, na kuuza vitumbua hakukuwa na kitambulisho. Zena akakamatwa, akaketishwa chini viwanja vya Mnazi Mmoja pamoja na wengine.

Mgambo aliyewahoji aliitwa Onesphory, Mchaga mmoja asiyejua kucheka.

"Kijiji chenu wapi, mama?"

"Sina kijiji. Mimi mtoto wa Kariakoo, jembe naliona dukani."

Mzaliwa wa mjini aliachiwa kwa onyo, na Zena alilijua hilo. Onesphory hakumwamini hata kidogo. Akainama mtaroni, akang'oa jani refu la kijani, akamtikisia usoni.

"Nyie watu wa Pwani wavivu sana. Mpunga unajiotea mtaroni, nyie mnapanga foleni ya mchele."

Zena akatazama pembeni. Lakini alichemka: mjinga huyu wa migombani, na kirungu chake, anamfundisha nani mpunga?

"Huo si mpunga," akasema. "Mpunga una kiutando cheupe pale jani linapoungana na bua. Hilo halina, pitisha kidole uone. Hiyo kwekwe. Usipoiwahi ingali changa, inakula shamba zima."

Onesphory akapitisha kidole taratibu. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akatabasamu.

"Umepalilia misimu mingapi, mama?"

Zena akafumba mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Huyu mkulima," Onesphory akamwambia mwenzake. "Mpandishe lori la Rufiji, mpunga uko kule."

Waswahili husema mdomo huponza kichwa. Zena alimlaani yule mgambo, akailaani na kwekwe yenyewe. Lori lilipoondoka alikuwa amevificha viganja kwapani.