Ukuta Katikati ya Barabara ya Mashineni

Lusia hakuwa mtu wa kutulia. Hata akikuuzia maandazi alikuwa amesimama, jicho moja kwako, jingine barabarani, kama mtu aliyeitwa mahali akachelewa. Mumewe, Clemensi, fundi mwashi, alikuwa kinyume chake. Huyo akikaa, amekaa. Sisi majirani tulizoea kusema kwamba utulivu wa nyumba nzima alipewa baba, mama akaachiwa miguu.

Kibanda cha Lusia kilikuwa kwenye Barabara ya Mashineni, hapa Karatu. Tuliiita hivyo kwa sababu ya mashine ya kusaga. Ilikata kutoka barabara kuu, ile ya vumbi jekundu iendayo Ngorongoro, ikapita mashineni, ikateremka hadi sokoni na kwenye zahanati. Haikuwa na kibao wala lami. Lakini watu wa vijiji vya Qurus na Buger walipita hapo na punda wao waliobeba mahindi, na akina mama wa Kimasai walipita na vibuyu vya maziwa, na wote walimjua Lusia.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka 1987 aliwakuta vijana wawili wakipigilia vigingi. Si pembeni mwa barabara, katikati.

"Mnapima nini, wanangu?"

"Kiwanja, mama."

"Kiwanja, humu barabarani?"

Mmoja akainua mabega. "Sisi tumetumwa tu."

Lusia aliacha maandazi kwenye mafuta akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakumkuta. Akarudi, akakuta maandazi yameungua, akaenda tena. Siku ile nzima alikuwa njiani.

Jumapili, baada ya kanisa, mkutano uliitishwa. Mwenyekiti alieleza kwamba Bwana Wilibrodi, mwenye malori, atajenga hoteli ya watalii. Wazungu wakitoka kreta ya Ngorongoro watalala Karatu badala ya kupita tu. Vijana watapata kazi. Barabara itafungwa kwa muda.

"Kwa muda maana yake mpaka lini?" Lusia aliuliza.

"Mpaka ujenzi utakapokwisha, mama Felisiani."

"Na ukishakwisha, hoteli itaondoka?"

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, akaita swali linalofuata.

Wiki iliyofuata Clemensi alirudi nyumbani na habari. Amepata kazi. Atajenga ukuta wa kiwanja cha Wilibrodi.

Lusia alikuwa akipepeta maharage. Aliuweka ungo chini. "Ukuta upi?"

"Unaujua."

"Nataka uutaje wewe, baba Felisiani."

"Nikikataa mimi, atajenga mwingine."

"Basi na ajenge huyo mwingine!"

Mwaka ule saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi na kazi za ujenzi zilikuwa chache. Kila mtu alilijua hilo, Lusia pia. Ndiyo maana hasira yake haikupata pa kutua. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alikwenda kwa jirani kuomba chumvi, akarudi bila chumvi. Wakati wa chakula alimwekea mumewe ugali mezani, yeye akala wake mlangoni, amesimama.

Ukuta ukapanda. Ulianza kwenye kona ya mashine ukakata barabara upande hadi upande. Tukawa tunazunguka kupitia korongoni, na mvua za masika zilipoanza udongo ule ukawa kama sabuni. Punda walianguka na mizigo. Wateja wa Lusia walipungua, maana hakuna anayepita kibandani pasipo na njia. Kila alipomaliza kukaanga alikwenda kuutazama ukuta, na Clemensi aliyekuwa juu ya jukwaa na mwiko wake alijifanya hamwoni.

Kisha likaja jambo la Nareyu.

Nareyu alikuwa muuza maziwa kijana. Kwao ni Kakesio, lakini tangu aolewe aliishi karibu na mnada wa mifugo. Alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na bado alipita kila asubuhi kumletea Lusia maziwa ya chai. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha. Lusia alisikia kelele kutoka korongoni. Alikimbia, akamkuta Nareyu ameketi kwenye tope, kibuyu kimepasuka, ameshika tumbo.

"Yeyoo, mama yangu, nimeanguka," alisema. "Maji yameshatoka."

Zahanati ilikuwa ng'ambo, na kule mbele korongo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Hakukuwa na kuvuka. Watu wa mashineni walileta mlango wa zamani wakamlaza juu yake, wanaume wanne wakaubeba. Wakasimama. Waende wapi? Upande huu maji, upande ule ukuta.

"Twendeni ukutani," Lusia alisema.

"Ukutani kuna nini, mama?"

"Kuna mume wangu."

Clemensi alikuwa amejikinga mvua chini ya turubai pamoja na msimamizi wa kazi. Aliposikia sauti ya mkewe alipanda jukwaani akachungulia. Alimwona Nareyu juu ya mlango, amefumba macho, mvua ikimpiga usoni. Lusia aliinua uso kuelekea jukwaani. Alimtazama tu.

"Rudini nyuma," Clemensi alisema.

Aliruka chini, akachukua nyundo kubwa. Msimamizi alipiga kelele kwamba atamweleza tajiri. Clemensi alipiga mahali alipojenga jana yake, palipokuwa hapajakauka vizuri. Matofali yalilegea, yakaanguka, na wale wa upande wetu wakayavuta kwa mikono. Pengo lilipofikia upana wa mlango, Nareyu alipitishwa.

Mtoto alizaliwa zahanatini mchana ule, wa kike, mzima. Nareyu aliumwa sana kisha akapona.

Clemensi alifukuzwa kazi kabla hajanawa mikono. Fundi kutoka Arusha aliletwa kuziba pengo, na safari hii watu walikwenda kusimama mbele yake, kina mama wengi, Lusia akizunguka huku na huku katikati yao. Viongozi wa wilaya walikuja kutoka Mbulu, wakatazama, wakaondoka. Miezi ikapita. Mwishowe tuliachiwa uchochoro kando ya mashine, unaotosha punda mmoja. Gari halikupita tena. Sehemu iliyobaki ya barabara ikawa ua wa hoteli, wakapanda maua.

Clemensi hakupewa tena kazi mjini. Alipoitwa kujenga shule Buger, Lusia alifunga kibanda wakahama pamoja. Siku ya kupakia vyombo alimuuliza mbele yetu, "Unajutia, baba Felisiani?"

Clemensi alikuwa akifunga kamba ya mzigo.

"Najutia kuujenga ule ukuta," alisema. "Kuubomoa, hapana."

Lusia alimpa kona ya godoro ashike, wakaliinua pamoja hadi kwenye gari.