Maji ya Wilbroad Kilimani Kimali

Nilikuwa napepeta mpunga uani, hapa Maswa, wifi yangu Harieth alipopiga simu kutoka Bariadi.

"Wifi, kaa chini kwanza," akasema.

Nikajua. Kaka yangu Wilbroad, aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo, Mungu alikuwa amemwita alfajiri ile.

Kaka alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa kucheka hata akikosea. Kosa alilopenda kulisimulia ni la kijijini Kimali. Kigango, yaani kanisa dogo la huko, kiko juu ya kilima, pamoja na shule ya watoto wadogo, na akina mama walikuwa wakipandisha maji kwa ndoo kichwani kutoka kisimani, bondeni. Waamini wakapata tanki na bomba, kaka akawapelekea pampu mbili wachague.

Wakazijaribu kama tunavyojaribu huku kwetu: palepale kisimani, ipi itajaza pipa kwanza. Ile pana ikajaza upesi, vigelegele vikapigwa. Ile nyembamba ilitoa maji kidogo, ikazomewa. Kaka naye akaingia kwenye shangwe, akaifunga ile pana.

Kilimani hakikutoka kitu. Pampu ilinguruma tu.

"Fundi, maji yamechoka?" akauliza katekista Joakim.

"Yamechoka, katekista. Kwani wewe kilima hiki unakipanda bila kupumzika?"

Akaunganisha mpira wa maji kwenye pampu, akashika ncha yake na kuanza kupanda nayo taratibu, watu wakimfuata. Kila alipopanda, maji yalipungua. Katikati ya kilima yakasimama ndani ya mpira.

"Mnaona? Maji yaliyomo humu yana uzito, na kadiri ninavyopanda yanazidi kuilemea pampu. Hii imetengenezwa itoe maji mengi mahali pa chini. Ile mliyoizomea inatoa kidogo, lakini inayafikisha juu. Hayo nayajua, ila vigelegele vyenu vimenisahaulisha!"

Akabadilisha pampu. Tankini yakaanza kuingia maji membamba. Mama Milembe, kiongozi wa akina mama, akachungulia.

"Fundi, hata mbuzi wangu anakojoa kuliko hivi!"

"Mwache akojoe, mayu," kaka akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nyinyi nendeni mkachume pamba."

Waliporudi jioni, tanki lilikuwa linafurika. Mama Milembe akafanya ishara ya msalaba, kisha akacheza na ndoo yake tupu mpaka wenzake wakaishiwa nguvu kwa kucheka.

Tulimzika kaka nyumbani Maswa, pembeni ya baba. Watu wa Kimali walikuja wamejaa kwenye lori, na katekista Joakim ndiye aliyesoma somo. Padri alibariki kaburi. Harieth akatupa udongo, nami nikatupa. Mama Milembe na wenzake waliimba mpaka vijana walipomaliza kufukia. Tukasimika msalaba, tukasali Baba Yetu, tukarudi uani kula pamoja na wageni.